Mwashi Katika Darasa la Sabuni

Nianze mwenyewe kabla hamjanisemea: siku ile mjinga nilikuwa mimi. Wala si mjinga wa kusingiziwa au wa kupigwa na jua kidogo akapitiwa. Mjinga kamili, wa kofia na viatu. Na ujinga wenyewe nilikuwa nimeuandaa kwa wiki kadhaa, kwa bidii, kila asubuhi, huku nikipiga mluzi.

Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga vyoo, visima, madarasa, na nyumba moja ambayo mwenyewe anasema ni ya ghorofa, japo ghorofa yenyewe bado iko kwenye maongezi. Mtaani wananiita Zege. Mke wangu, Mama Pacha, kazi yake ilikuwa kuponda kokoto kando ya barabara: jiwe kubwa la kupondea chini, nyundo mkononi, na pete ya mpira wa tairi kuzungushia jiwe dogo ili vipande visimrukie machoni. Kwa hiyo ndoa yetu ilikuwa kama kampuni ya ujenzi. Yeye anaponda, mimi nachanganya. Ila kampuni ilikuwa inamchosha mshirika mmoja kuliko mwingine. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimeanza kuvimba, na asubuhi alishika kikombe kwa mikono yote miwili kama mtoto. Hakulalamika. Nyumbani kwangu mtu asiyesema ni wa kuogopwa, maana sisi wengine wote tunasema.

Ndipo ukaja mradi. Lilikuja gari jeupe, wakashuka watu wenye fulana za rangi moja, wakabandika tangazo kwenye ukuta niliojenga mimi bila kuniomba ruhusa. Mafunzo ya kujikimu, lilisema, kwa jamii za pembezoni, yaani sisi wa vijijini na ndugu zetu wa msituni. Tulikaa tukaulizana pembezoni mwa nini, maana kila mmoja wetu akitoka nje ya mlango wake anajiona yuko katikati kabisa. Tukaambiwa tuchague: ufugaji nyuki, ushonaji au sabuni. Ndugu zetu wa msituni, waliozaliwa wakirina asali, walipoona neno nyuki walicheka mpaka wakaegemeana, kisha wakajiandikisha ushonaji wote. Mama Pacha akachagua sabuni. Akajiandikisha yeye, mama yake mzazi, na majirani wawili ambao ni mtu na wifi yake. Kundi lilitakiwa kuwa la watu watano. Huyo wa tano ndiye mimi, na sikuulizwa. Niliambiwa nivae shati safi.

Darasa lilikuwa kwenye ghala la zamani la ushirika. Madirisha ya nondo, meza mbili ndefu, ubao mweusi uliopauka, na sakafu yenye nyufa ambayo kwa kuitazama tu nilijua aliyeimwaga alikuwa na haraka ya kwenda kwenye sherehe. Mkufunzi alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya mtu mnene. Siku ya kwanza tu tulimpa jina la Mwalimu Glavu, kwa sababu hakuna jambo alilolisema bila kuanzia hapo. Glavu kwanza, swali baadaye. Hata ukimsalimia, kwanza alikutazama mikono.

Kwenye meza ya pili kulikuwa na kundi la Kinyozi. Kinyozi ni rafiki yangu tangu tukiwa hatuna meno ya mbele, na tangu wakati huo hatujawahi kukubaliana jambo. Huyu ni mtu ambaye akimaliza kukunyoa anakuletea kioo kidogo nyuma ya kichwa, halafu anasubiri umshukuru kwa kisogo ulichozaliwa nacho. Alipoona nimekaa katikati ya wanawake wanne akauliza darasa zima kama mradi unatoa na mafunzo ya kusuka nywele. Nikamwambia yakitolewa nitamwachia nafasi, maana biashara ya kunyoa naona inamfanya azungumze na vioo.

Masharti ya mradi yalikuwa wazi, na nayaeleza hapa kwa sababu ndiyo yaliyozua yote. Mwisho wa mafunzo kila kundi litaleta sabuni yake. Likifaulu, linapewa vifaa: sufuria kubwa, mizani, kalibu za mbao, waya wa kukatia, na madumu ya mafuta ya kuanzia. Likishindwa, vifaa vyake vinahamia kwa kundi lililofaulu. Vyote vilipangwa pembeni mwa ghala, seti mbili, vikitazamana nasi kama wachumba. Kinyozi alizitazama seti zote mbili. Mama Pacha alitazama moja tu.

Jioni ile, akiwa anakanda mkono kwa maji ya moto, aliniambia, "Vile vikiingia humu ndani, nyundo naizika."

Nikamwambia nyundo yenyewe bado nzima, ina mpini mzuri, tungeweza kuiuza. Hakucheka. Nilijua basi kwamba jambo hili lina uzito kuliko nilivyolibeba.

Siku ya kutengeneza nilikuwa mtu mwenye furaha. Maji, soda kali, mafuta, unakoroga, unakoroga, mpaka mwiko ukipita unaacha njia kwenye uji. Jamani, hiyo si kazi yangu hiyo? Nilianza kuwafundisha wanawake wangu namna ya kusimama, miguu iwe wapi, kiuno kifanye nini. Mwalimu Glavu alinikumbusha kwa upole kwamba hapa hatuongezi koleo kwa kukisia, kuna mizani. Nikakubali. Lakini tulipomimina kwenye kalibu, nilifanya vile ninavyofanya siku zote nikimwaga zege: nikagonga ubao pande zote, tok, tok, tok, hewa itoke. Mwalimu akasimama akatazama. Akaliambia darasa litazame vizuri, huo ndio utaratibu, bila hivyo sabuni inabaki na matundu ndani.

Sifa ile ndiyo iliyoniharibu. Mtu akishasifiwa mara moja mbele ya mama mkwe wake, anaanza kuona dunia nzima ni zege.

Kesho yake tulitoa sabuni kwenye kalibu, tukaikata miche, tukaipanga kwenye rafu za chumba cha nyuma, kila kundi na rafu yake. Mwalimu Glavu alikuwa anakwenda vijiji vingine, angerudi baada ya wiki kadhaa, sabuni ikiwa tayari. Alihitaji mtu wa kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Nyumba yangu ndiyo iliyo jirani na ghala, ufunguo ukaja kwangu. Alieleza pale mlangoni jinsi ya kuitunza sabuni mpaka atakaporudi, na naamini alieleza vizuri, kwa sababu watu wote walisikia. Mimi wakati ule nilikuwa nabishana na Kinyozi ni miche ya nani iliyonyooka. Nilidaka mambo mawili tu: madirisha, na kwamba sabuni isiguswe.

Mwanzoni nilifungua na kufunga, basi. Kisha asubuhi moja nikaona miche imeanza kupauka. Ilikuwa na utando mweupe kama vumbi, na pembeni vijinyufa vyembamba kama nywele. Muulize mwashi yeyote unayemjua, hata yule mbaya. Kitu ulichokikoroga, ukakimimina kwenye kalibu, ukakitoa, kikaanza kupauka na kupasuka, kinasema nini? Kinasema kiu. Tofali unalimwagilia, lenta unaimwagilia, sakafu unaifunika magunia na unayaloweka asubuhi na jioni, la sivyo kazi yako yote inakuwa unga. Niliona huruma. Nikaona pia rafu ya Kinyozi, imepauka vilevile. Hiyo sikuionea huruma. Nikasema moyoni, mwache apasukiwe, yeye ni mtu wa nywele, atayajulia wapi haya.

Nikachukua kopo, nikalitoboa matundu chini. Nikatafuta magunia safi. Nikamwagilia rafu yetu taratibu, nikafunika, nikaloweka magunia. Na hivyo ndivyo nilivyoendelea. Sikumwambia mtu. Nilitaka siku ikifika wakute miche migumu kama mawe, wanawake waulizane, mama mkwe wangu aulize, na mimi nikohoe kidogo kabla ya kujibu.

Dalili zilikuwepo, sikatai. Chini ya rafu palikuwa na kitu cheupe kikichuruzika. Nikasema ni jasho, hata zege hutoa jasho likishika. Kukawa na povu. Nikasema ni jasho jingi. Kuinua gunia nikatazama sikuinua, kwa sababu tuliambiwa tusiguse, na agizo hilo moja nililolisikia nilikuwa nalitii kwelikweli.

Mchana wa siku moja kabla ya mwalimu kurudi, wanawake walikuja kuifuta miche vumbi na kuipanga vizuri. Niliwafungulia mlango kama mwenye hoteli. Wifi wa jirani akatangulia, akasimama. Mama mkwe wangu akampita, akashika ncha ya gunia akaivuta.

Gunia lilikuja na sabuni. Yote. Ilinyanyuka kama ngozi, ikatengana polepole kwa nyuzinyuzi, ikaanguka pwaa juu ya rafu. Hapakuwa na mche hata mmoja. Palikuwa na tope jeupe, zuri, laini, lenye kunukia vizuri, na ndani yake alama ya kusuka ya gunia.

Nikaona ni vyema nieleze mapema. Nikasema nimekuwa naimwagilia.

Mama mkwe wangu alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akamgeukia mwanawe kana kwamba mimi sipo.

"Yule wa kwanza aliyekuja kukuposa nilimkataa kwa uvivu wake," alisema. "Mvivu asingeamka kumwagilia."

Jirani akatazama ukuta. Wifi yake akatazama ukuta uleule, mabega yakimtikisika. Mama Pacha hakucheka wala hakunitukana. Alichota donge kwa mkono wa kulia akajaribu kulikamata. Likamponyoka. Akalichota tena kwa mikono miwili, akaushikilia ule mkono uliovimba kwa mwenzake, akabaki amesimama hivyo, sabuni ikimtoka katikati ya vidole. Kama angechukua ile nyundo akaniponda kokoto za robo, ningeona nafuu.

Nilianza kuomba msamaha kwa maneno mengi. Alininyamazisha kwa kuuliza swali la kikazi: hayo maji yalikuwa ya bomba au ya mtaroni. Nikasema ya bomba, safi, hata kopo nililiosha. Akanusa sabuni. Akaisugua kati ya vidole. Kisha akawauliza wenzake kama wanakumbuka siku ya vipandevipande. Wote wakakumbuka. Kumbe kuna siku mwalimu alifundisha jinsi ya kuokoa vipande vinavyobaki baada ya kukata miche: unavichemsha na maji kwa moto mdogo unavigeuza sabuni ya kopo. Siku hiyo mimi nilikuwa nje, namweleza mlinzi wa ghala kwa nini ukuta wake una ufa.

Kilichofuata sitakisahau. Mama mkwe wangu aliinuka kutoka kwenye ndoo kama mtu aliyeitwa kazini. Jirani akaenda kuleta sufuria ya kuchemshia nguo. Wifi yake akapita nyumba kwa nyumba kuomba makopo yenye vifuniko. Mimi nilipewa kuni, kisha mwiko, kisha amri ya kutopiga mluzi. Tulikwangua rafu yote kwa vijiko tukaitia sufuriani pale uani nyuma ya ghala. Nilikoroga huku Mama Pacha amesimama begani kwangu. Maji alitia yeye, kikombe kwa kikombe, na kila kikombe alikisema kwa sauti na wanawake wote wakakirudia ili kisipotee. Nilipotaka kutoa maoni kuhusu moto aliniuliza kama maoni hayo ni ya ufundi uleule. Nikayarudisha.

Ikalainika. Kwanza mabonge, kisha uji, kisha kitu kama losheni nzito kinachong'aa. Mama mkwe wangu alikuwa amechemsha mchaichai pembeni, akachuja maji yake akayatia, na uani kukanukia hata mlinzi akaja kuuliza ni sherehe ya nani. Jua linashuka tulikuwa tumeshaijaza makoponi, imepoa, imeganda kidogo, ukiinamisha kopo haimwagiki. Mama Pacha alifunga vifuniko kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi Mwalimu Glavu alifika na gari jeupe. Alianza na kundi la Kinyozi. Sina budi kusema haki: miche yao ilikuwa kama ya dukani. Migumu, pembe zimenyooka, ukigonga mezani inalia kama mbao. Kinyozi aliigonga zaidi ya ilivyohitajika. Mwalimu akaipima, akafulia kitambaa, akasema wamefaulu. Ghala zima likapiga makofi, na mimi nikapiga ya vidole viwili.

Kisha akaja mezani kwetu. Akatazama makopo. Akatazama chini ya meza. Akauliza miche iko wapi, na watu wote, hata wasiojua kitu, wakanitazama mimi.

Mama Pacha hakumung'unya maneno. Alisema miche iliharibika kwa kumwagiliwa maji. Aliyeimwagilia ni mume wake, kwa sababu ni mwashi, na hilo wameshalimaliza nyumbani. Sabuni ni ileile, wameichemsha upya kama walivyofundishwa siku ya vipande. Mwalimu Glavu aligeukia ubao akasimama hapo kwa muda, ametupa mgongo, akionekana anasoma ubao usioandikwa kitu. Aliporudi, macho yalikuwa na machozi na mdomo umefungwa kikazi.

Akaanza kupima. Alivaa glavu, bila shaka. Alichovya kile kikaratasi chake cha kupimia ukali, akakilinganisha na rangi zake, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akaomba chombo chenye mafuta, mlinzi akatoa sufuria yake ya chakula ambayo ilikuwa imekata tamaa zamani. Kidole kimoja cha sabuni, maji, povu likapanda mpaka kwenye viwiko. Sufuria ikatoka inang'aa, mlinzi akaipokea akiigeuzageuza kama mtu aliyerudishiwa ya mwingine. Mwisho akampaka mama mkwe wangu kwenye mkono, akasubiri, akauliza kama inawasha. Mama mkwe wangu akasema kinachomuwasha yeye kiko kwingineko na kimevaa shati safi.

Mwalimu alitaka kujua jambo moja la mwisho: wakiambiwa watengeneze nyingine kama hii, wanaweza, au hii ilikuwa bahati. Mama Pacha akaanza kutaja: sabuni kiasi gani, maji vikombe vingapi, moto kiasi gani, muda wa kukoroga. Akikwama, jirani anadaka. Jirani akikwama, wifi.

Basi Mwalimu Glavu akasimama katikati ya ghala. Alisema masharti yake yanataka sabuni inayosafisha na isiyounguza, hayajataja umbo. Yeye yuko tayari kuipitisha. Lakini kwa kuwa vifaa vinahusu makundi yote mawili, mwenye pingamizi aseme sasa hivi. Sababu yake ikisimama, vifaa vitahama. Ikianguka, kundi la Mama Pacha linabeba vyake na kikao kimekwisha.

Nilimtazama Kinyozi. Kinyozi alikuwa anatazama sufuria mbili kubwa, na niliona anavyoziweka kichwani mwake, moja kushoto mwa kibanda chake cha kunyolea, moja kulia. Akasimama. Akanyoosha kola.

Alianza vizuri, lazima niseme. Alisema hana ugomvi na mtu, Zege ni ndugu yake, na shemeji yake anamheshimu. Tatizo lake ni jina tu. Akachukua mche wake akauinua watu wote wauone. "Sabuni ni kitu cha kushika," alisema. "Ni kitu cha kukata kwa waya ukampa mtu kipande chake. Hicho kinachochotwa kwa kidole kwenye kopo kitafutiwe mafunzo yake, lakini kisiitwe sabuni. Tangu lini sabuni ikawekwa kwenye kopo?"

Ghala likanung'unika. Wapo walioanza kutikisa vichwa kwa kukataa, na wengine walikuwa wanakubaliana naye. Mwalimu Glavu alikuwa anasubiri. Niliona mkono wa Mama Pacha chini ya meza, ule wa kulia, umeshika ukingo wa benchi. Nikainuka ili niitetee nyumba yangu. Nilikuwa na maneno, tena makali, nusu yake yanahusu visogo. Hata sikuyafikisha mdomoni. Nilivutwa shati kwa nyuma, nikajikuta nimekaa, na aliyesimama ni mke wangu. Hakupandisha sauti.

Alisema, "Shemeji, ile unayompaka mteja kidevuni kabla ya wembe, huwa unaichota kwenye kopo, au unaikata kwa waya?"